Seva mpya imeungwa, foleni ya kuponya inasema sifuri, na folda za wateja hazionekani: kisa cha GlusterFS Mlandege

Kisa hichi ni cha ofisi moja ya picha na video hapa mjini Unguja, Mlandege, jina naliacha. Kazi zao harusi, matangazo ya mahoteli ya Nungwi na Paje, droni, vitu kama hivo, kwaiyo mafaili yao mazito na hakuna kinachofutwa kwa sababu bi harusi wa zamani siku yoyote anaweza kurudi kutaka video yake.

Wana seva tatu na juu yake GlusterFS, programu inayoziunganisha diski za seva kadhaa zikawa hifadhi moja, voliumu moja ya nakala tatu, yani kila faili linakaa zima zima kwenye seva zote tatu. Kila seva ina diski zake zimefomatiwa XFS na ndani yake kuna folda moja ambayo Gluster inaiita briki. Mbili ziko chumba cha juu, ya tatu jengo la nyuma, kebo ya gigabiti katikati. Watu wa ofisi hawaijui Gluster, wao wanaona draivu moja ya mtandao kwenye Windows zao kupitia Samba, na Samba inakaa kwenye seva ya tatu. Lishike hilo la Samba, ndo lilotuchelewesha kujua.

Mzee mwenye ofisi ndo alotaka tatu. Yeye ni katika watu walofanya biashara hapa Unguja kile kipindi cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kebo ya baharini ya umeme kutoka bara ilipokufa kisiwa kizima kikakaa gizani miezi, majenereta kutwa kucha, na tangu hapo akiambiwa kitu kina akiba moja anauliza akiba ya pili iko wapi.

Seva ya tatu ikafa. Umeme ulikatika ukarudi ukakatika tena kwa pupa, asubuhi haiwaki. Ukiifungua unaona kabisa, ubao una ukijani kwenye miguu ya vipande, hewa ya chumvi ya huku, na kadi ya RAID, ile inayozisimamia diski, imekwenda na maji. Kadi ya aina ile haipatikani tena kirahisi, kwaiyo wakaamua kununua seva nyengine Dar na diski mpya, ikaja kwa boti. Wakati wote huo ofisi inafanya kazi kama kawaida, mana kwa nakala tatu zikibaki mbili bado wengi wapo, Gluster inakubali kuandika. Ingekufa na ya pili ingekataa kuandika, na ndivyo inavyotakiwa, bora watu wanune kuliko seva mbili zije na khabari mbili tofauti za faili moja. Samba kijana wao wa IT akaihamishia kwa muda seva ya kwanza.

Sasa kijana mwenyewe, na hapa nataka nimtendee haki kwa sababu baadae alitaka kubebeshwa mzigo wote. Seva mpya aliipa jina lile lile na IP ile ile. Akaiunga, wenzake wakaikataa, hali inaonesha Peer Rejected. Hilo kwa mtu asiyejua linamaliza siku nzima: seva mpya imejizalia kitambulisho kipya, UUID, na wenzake wanalijua jina lile kwa UUID ya zamani. Yeye akaenda kwenye seva nzima, folda ya /var/lib/glusterd/peers, akaitoa UUID ya marehemu, akaiandika kwenye faili la glusterd.info la seva mpya, akawasha upya, wakapokeana. Safi kabisa.

Kisha briki ikagoma kuwaka. Hii nayo ni kinga, sio ubovu. Kila briki ina lebo ya pembeni kwenye folda yake, trusted.glusterfs.volume-id, na isipoiona haiwaki, mana pengine diski haijamauntiwa, yani haijaungwa kwenye folda yake, na folda unayoiona ni kivuli tu kwenye diski ya mfumo, ikiwaka hapo data zitamwagika mpaka mfumo ujae. Kijana akahakikisha diski imemauntiwa, akaichukua lebo kwenye briki nzima akaibandika kwenye mpya, akapiga start force, amri ya kulazimisha briki iwake. Ikawaka. Volume status inaonesha Y kila pahala, programu ya kujiponya nayo Y. Akaangalia `gluster volume heal` na `info` yake, akakuta vitu mamia vinasubiri, vikashuka, vikashuka, mpaka sifuri kwenye briki zote tatu. Akamwambia mzee tayari. Na nani angesema si tayari? Chombo chenyewe kimesema sifuri.

Samba ikabaki kule seva ya kwanza, kila mtu kazini, hakuna aloona kitu. Baadae kidogo, wikiendi, akairudisha Samba seva ya tatu nyumbani kwake, na Jumatatu dada anaeedit akafungua draivu akakuta folda za wateja wa zamani hazipo. Za mwaka huu zipo, za mwaka jana zipo baadhi, za nyuma yake hakuna kitu. Ndo nikapigiwa simu.

Kabla sijafika zilishatokea mbili tatu za ajabu ambazo kwa kweli ndo zilosaidia. Dada alijaribu kutengeneza upya folda ya hoteli moja ili aanze kuweka vitu, kompyuta ikamjibu folda hiyo ipo. Ipo wapi? Macho hayaioni. Akaandika njia kamili kwa mkono kule juu, ikafunguka, na mambo yote ndani. Akarudi nyuma, safari hii folda ile imeibuka kwenye orodha. Mzee akasema hii sasa ni ya mganga. Mimi nikasema ah, hii naijua, hamna kilichopotea, ila nataka kwanza mnambie bekapu inafanyika wapi na saa ngapi.

Bekapu ni skripti ya usiku, programu ya kukopi rsync kutoka kwenye voliumu kwenda kwenye diski kubwa ya nje, na ina `--delete`, yani kisichoonekana kwenye voliumu kinafutwa na kule. Na inakaa wapi? Seva ya tatu, pamoja na Samba. Hapo nikaomba laptopu kabla ya maji ya kunywa. Cron, ile inayoiamsha skripti kwa saa yake, nikaizima, diski ya nje tukaichomoa, tukaangalia kilichomo: imeshafuta. Usiku wa Jumapili rsync iliuliza orodha ya folda, ikapewa orodha fupi, ikafuta kwenye bekapu kila kisichokuwemo. Rsync kwa kawaida ikikutana na hitilafu ya kusoma inajizuia isifute, lakini hapa hitilafu hamna, orodha ilitoka safi, fupi tu. Kwaiyo kwa saa ile harusi za zamani zote za ofisi ile ziko kwenye briki mbili za chumba cha juu, basi. Nikawaambia seva zile mbili hakuna anaezigusa, hakuna kuzima, hakuna kupdeti, hakuna hata kufagia nyuma yake.

Kilichotokea ni hichi. Gluster kwenye nakala haina bwana mkubwa anaejua ukweli. Ukiandika faili na briki moja haipo, zile zilizopo zinaandika kwenye faili lenyewe lebo ya pembeni, trusted.afr na jina la asokuwepo, yani kila moja inaweka daftari la deni kama muuza duka: huyu namdai data, huyu namdai metadata (maelezo ya faili kama mwenyewe na ruhusa), huyu namdai majina ya ndani ya folda. Ni namba tatu zimeunganishwa, na zikiwa sifuri zote maana yake hatudaiani. Faili lenye deni linawekewa pia alama kwenye folda ya siri ya .glusterfs/indices/xattrop, na programu ya kujiponya inaipitia folda hiyo kila dakika 10 kwa mpangilio wa kawaida, inalipa deni, inafuta alama. Ile heal info inasoma hapo hapo. Sifuri yake maana yake hakuna deni liloandikwa.

Sasa marehemu alipokuwa mzima alikuwa na kila kitu, hadaiwi. Alipokufa, yakaandikwa madeni ya yale tu yalobadilika wakati hayupo. Kisha akaja mgeni, tupu kabisa, kavaa jina la marehemu, UUID ya marehemu na lebo ya marehemu. Wenzake wanamuona ni yule yule karudi safari, wanamlipa ya siku alizokosekana, na ile mizigo ya miaka hakuna anaeijua kuwa hanayo, mana haikuandikwa popote. Madeni yakaisha, sifuri ikaja, na ni sifuri ya kweli kwa hesabu zake.

Mbona basi baadhi ya folda za zamani zilikuwepo? Kwa sababu mtu akiitafuta folda kwa jina, Gluster inauliza briki zote tatu, inagundua moja hanayo, inamtengenezea na pale pale inaandika deni la vilivyomo ndani, na programu ya kujiponya inakwenda nalo mpaka chini. Kwaiyo kila folda ya juu aloigusa mtu wakati Samba iko seva ya kwanza ilijijenga nzima kwenye seva mpya. Isoguswa haikujengwa. Lakini kuorodhesha ni kitu chengine, orodha ya folda inasomwa kwenye briki moja tu, na Gluster inapendelea briki iliyo kwenye mashine hiyo hiyo inayosoma. Samba ikiwa seva ya kwanza inasoma briki nzima, kila mtu anafurahi. Ikirudi seva ya tatu inasoma orodha ya yule mgeni, na yule mgeni haongopi, anataja alivyonavyo.

Ushahidi ulichukua dakika chache. Df, amri ya kuonesha diski imejaa kiasi gani, kwenye seva mbili za juu inaonesha tera 9.1 zimetumika, kwenye mpya 2.3. Hapo tu ilitosha, na hapo ndo pa kuangalia siku ya kwanza kabla ya heal info. Tukafanya ls ndani ya briki moja kwa moja, kuangalia tu bila ya kugusa, folda zote ziko mbili za juu. Kisha getfattr, amri ya kusoma zile lebo za pembeni, kwenye mzizi wa briki zile mbili, yani folda yake ya juu kabisa: deni dhidi ya ya tatu ni sifuri tupu. Hakuna anaemshitaki mgeni, kwaiyo neno lake lina uzito sawa na la wenzake.

Tiba basi ni kumshitaki. Na hii inatakiwa ifanywe yeye akiwa hayupo. Tukachukua PID, yani namba ya process, ya briki ya tatu kwenye volume status tukaiua process hiyo peke yake, seva ikabaki inawaka na Samba inaendelea. Na hapo, kabla hatujafanya chochote chengine, dada akapiga kelele kule mbele: zimerudi! Folda zote. Mzee akaja na miwani mkononi, "Mwanangu umezirudisha?" Nikamwambia mzee hazijaondoka, tumemnyamazisha tu yule asiyezijua. Hata baiti moja ilikuwa haijahama.

Baada ya hapo kwenye voliumu, na nasema kwenye voliumu ilomauntiwa kama mtumiaji, sio ndani ya briki, tukatengeneza pale juu kabisa folda yenye jina ambalo halipo, tukaifuta. Tukaweka lebo ya uongo kwa setfattr, trusted.non-existent-key, tukaiondoa. Inaonekana mchezo wa watoto lakini kazi yake kubwa: ya kwanza imeulazimisha mzizi uandikiwe deni la majina, ya pili deni la metadata, yote dhidi ya alokosekana. Getfattr tena, namba zimeacha kuwa sifuri kwenye zote mbili za juu. Hapo, sio kabla, tukapiga start force kuirudisha briki, na amri ya heal ili tusisubiri zile dakika 10.

Kwa Gluster za siku hizi kuna njia fupi, reset-brick kama jina na njia ni zile zile, au replace-brick kama unaweka briki pahala pengine, na zinaandika deni hili zenyewe. Kijana angetumia reset-brick tangu mwanzo tusingekuwa na kisa. Lakini maelezo mengi yanayozunguka bado yanafundisha kubandika volume-id na kupiga start force, na yanaishia hapo, hatua ya kuushitaki mzizi au kupiga heal full, ile ya kuipitia voliumu nzima, imeachwa au iko aya tatu chini baada ya mtu kushafunga ukurasa.

Palikuwa na ubishi mdogo: tuifute briki mpya tuanze safi, au tuache zile tera 2.3? Mimi nilisema tuache. Zilikuja kwa njia ya Gluster yenyewe, kila faili lina gfid yake, yani kitambulisho chake cha Gluster, na kiungo chake ndani ya .glusterfs, hakuna sababu ya kuzitilia shaka, na kuzifuta ni kuzitesa diski mbili zilobaki kusoma zaidi wakati hizo mbili ndo roho ya ofisi. Kijana akauliza, "Kaka, si tungekopi kwa rsync briki kwa briki, ingekuwa upesi?" Hapo ningesema kinyume kabisa. Rsync ya kawaida haibebi lebo za pembeni wala vile viungo, utapata faili lenye jina na halina kitambulisho, na hata ukiibebesha kwa swichi zake bado unakopi nyuma ya mgongo wa mfumo ambao watu wanaandika ndani yake muda huo huo. Kama ingeshafanyika hivo, ningeifomati briki bila ya kuuliza.

Hesabu ya muda tukaifanya mbele ya mzee ili asije akauliza kila saa. Tera 6.8 zimebaki, gigabiti kwa vitendo inakupa kama megabaiti 110 kwa sekunde, kwaiyo masaa 17 ukibahatika na mafaili yote yawe makubwa. Hayakuwa yote makubwa, kuna vijipicha vidogo vidogo vya programu ya kuedit, maelfu kwa maelfu, na kila kimoja kinataka kufungwa kufuli, kuulizwa, kukopiwa, kufutiwa deni. Vile ndo vilokula muda, zile video zilipita kama maji. Nyuzi za kuponya, cluster.shd-max-threads, kwa kawaida ni 1, tukaziweka 4 usiku na kuzirudisha 1 asubuhi watu wakianza kuedit, mana seva mbili zile zile ndo zinazowahudumia wao.

Foleni mwanzo ilipanda. Watu wa ofisi waloambiwa ikifika sifuri tumemaliza walikuwa wanaichungulia na kuona inakwenda mia, elfu, maelfu, wakadhani tumezidi kuharibu. Hapana, kila folda ikijengwa inaandika deni la vilivyomo, na vilivyomo vikiwa folda navyo vinaandika, kwaiyo inavimba kwanza ndo ishuke. Hii inayovimba ndo nnayoiamini, ile ya mwanzo iloshuka moja kwa moja kutoka mamia mpaka sifuri kwa briki ya tera 9 ilitakiwa itiliwe shaka. Umeme nao ukakatika katikati, UPS ikashika, na hata isingeshika madeni yameandikwa kwenye diski, ingeendelea ilipoachia.

Ilipofika sifuri ya pili hatukuishia hapo. Tukaangalia split-brain, yani zile khabari mbili tofauti za faili moja, hamna. Kwenye kila briki tukatoa orodha ya mafaili yote kwa find bila ya .glusterfs, tukazipanga, tukazilinganisha kwa diff, zikatofautiana kwa mafaili machache yalokuwa yanaandikwa wakati huo huo. Tukaokota video za zamani huku na kule, zisizoguswa na mtu, md5sum, alama ya kulinganisha yaliyomo ndani, kwenye briki tatu, sawa. Df ziko karibu sawa, hazilingani kabisa na hazihitaji kulingana. Ndo bekapu ikawashwa tena, kwanza bila ya `--delete` mpaka diski ya nje ikajaa upya, kisha nayo lakini pamoja na `--max-delete` yenye namba ndogo, ili siku ikitaka kufuta folda za miaka igome na ituite. Na ikahamishwa isikae kwenye seva moja na Samba.

Mzee alitaka kumkata kijana mshahara. Nikamuomba asifanye hivo, kijana hakuficha kitu, kila amri alopiga aliiandika kwenye daftari na ndo maana tulijua ndani ya nusu saa pa kuangalia. Akanyamaza kidogo, akahamia suala jengine: kwa nini seva ya tatu isipelekwe Chake Chake, ana ndugu yake kule ana chumba, ili moto ukiwaka Mlandege pawe na kitu Pemba. Wazo si baya ila sio kwa seva hii. Nakala za aina hii zinaandikwa kwa pamoja, dada akibonyeza kuhifadhi inasubiriwa na ile ilo mbali, na kuedit video huku unasubiri jibu kutoka Pemba ni adhabu. Kwa mbali kuna geo-replication, inapeleka mabadiliko nyuma nyuma bila ya kumsubirisha mtu, upande mmoja tu, na nayo inapeleka mpaka yale ya kufuta, kwaiyo haichukui nafasi ya bekapu. Kwaiyo kama ni Chake itakuwa seva ya nne, na mzee sasa hivi anapiga hesabu ya bei na nauli ya mzigo.